Leta Nakala ya Kitambulisho

3 Februari

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Magoti yanasemaje, na ile cherehani iliyokuwa inaruka mishono, fundi amekuja au bado anakuahidi kesho? Mimi huku ni mzima. Bado nashinda juu ya kreni nikipakua makontena bandarini, na upepo wa huku hauna adabu, unaingia hata pale ambapo dirisha limefungwa.

Mama, kaa chini kwanza. Sijafukuzwa kazi, siumwi, wala sina mimba. Najua hayo matatu yameshakupita kichwani.

Jambo lenyewe ni hili. Wale mawakala wa ajira walionileta huku wametuandikia kwamba mfumo wao wa kompyuta umeingiliwa na wezi. Wezi wamebeba kila kitu walichokuwa wameweka humo: pasipoti yangu, cheti changu cha kuzaliwa, na kitambulisho chako wewe, kwa sababu wewe ndiye uliyesaini kunidhamini. Na ile nakala ya hati ya nyumba, unaikumbuka? Waliitaka ili wajue nina kwao. Yote yako mikononi mwa watu tusiowajua. Wizi ulitokea kabla ya mwaka mpya, wao wanatuambia sasa. Barua yao inaanza kwa maneno "tunathamini usiri wako". Nilitaka kuila ile karatasi.

Karatasi zako halisi ziko kabatini, hakuna aliyezigusa. Ila mtu mwenye nakala anaweza kusajili laini ya simu kwa jina lako, kufungua akaunti, hata kujifanya wewe akauza kitu chako. Kwa hiyo fanya hivi, tafadhali, na usiniambie una oda. Nenda polisi, toa taarifa, wakupe karatasi yenye namba ya taarifa hiyo. Ukiwa nayo, nenda ofisi ya vitambulisho waandike kwamba namba yako imevuja na uombe kitambulisho kipya. Pita kampuni ya simu uulize ni laini ngapi zimesajiliwa kwa jina lako. Benki nao waambie. Halafu ofisi ya ardhi, Mama, hii usiisahau: waambie waweke zuio kwenye hati ya nyumba, ili mtu yeyote asiweze kuihamisha mpaka wakuone wewe kwa macho.

Na mtu akikupigia simu akisema anatoka ofisi yoyote ile, usimpe namba yoyote. Hata akiwa na sauti ya kiungwana.

Mimi huku nimeshatoa taarifa ya pasipoti yangu. Wameandika, wakapiga muhuri, wakanirudisha kazini.

Nisalimie baba mdogo. Usimwambie haya mambo.

Mwanao.

24 Februari

Mwanangu,

Marahaba. Magoti yapo, na baada ya wiki hizi yana haki ya kunidai likizo. Cherehani bado inaruka mishono. Fundi ameahidi kesho.

Umenituma. Sasa nisikilize nilivyotumika.

Polisi nilikaa kwenye benchi asubuhi nzima na kuku wa mtu, kuku ni ushahidi wa kesi nyingine. Zamu yangu ilipofika, askari akaniuliza, "Mama, umeibiwa nini?" Nikasema, kitambulisho. Akasema, kiko wapi? Nikasema, hiki hapa. Akanitazama. Akaniuliza tena polepole, kama anaongea na mgonjwa, "Sasa kama ni hicho hapo, umeibiwa nini?" Nikaeleza mambo ya kompyuta na mawakala. Akamwita mwenzake aje asikie. Mwishoni wakaniandikia karatasi kwamba nimekuja "kulalamika kwa jumla". Namba ya taarifa wakaniambia nifuate siku nyingine, na nikija nilete nakala ya kitambulisho.

Unasikia? Nakala ya kitambulisho!

Benki, hivyo hivyo. Nikamwambia yule binti wa dirishani kwamba nakala ya kitambulisho changu imeibwa, naomba muwe macho. Akaniambia, "Sawa mama, leta nakala ya kitambulisho." Kampuni ya simu, leta nakala ya kitambulisho. Ofisi ya vitambulisho wenyewe, waliokitengeneza, wenye uso wangu kwenye mashine yao, leta nakala mbili. Nimezunguka mji mzima nikigawa nakala za kitu ninachowaomba watu wasikitawanye. Mwenye duka la fotokopi sasa ananiita mteja wake.

Ila yule wa ofisi ya vitambulisho, mwanamke mmoja mwenye sauti ya mafua, alinionea huruma. Akanifundisha kwamba kila nakala ninayotoa niandike juu yake kwa wino mzito, katikati kabisa, "kwa matumizi ya benki tu" na tarehe, ili mtu asiweze kuipeleka kwingine. Basi nikawa naandika. Naandika mpaka kwenye paji la uso. Binti wa benki akasema, "Mama, umejichorachora." Nikamwambia, ndiyo, na wewe ukinichokoza nitaandika na jina lako.

Kitambulisho kipya, wamesema nisubiri waniite. Laini za simu, wamekuta tatu kwa jina langu. Mimi nina moja. Hizo mbili wamezifunga, wakaniomba radhi kama vile wamenikanyaga mguu tu.

Halafu kuna bwana kanipigia. Mpole ajabu. Ananiita mama yangu mzazi. Anasema anatoka kitengo cha kuokoa taarifa za walioibiwa, ananijua jina, tarehe ya kuzaliwa, mpaka jina la marehemu baba yako. Akasema itanijia namba kwenye ujumbe, nimsomee. Najua umenikataza. Lakini alikuwa analitaja jina la baba yako kwa heshima. Nilikuwa nimeshamsomea tarakimu mbili simu ikazima, chaji imekwisha. Nilikaa na ile simu mkononi mpaka chai ikapoa.

Na baba yako mdogo ameshajua, kwa sababu mtu akizunguka na karatasi siku nzima, Redio, kama mtaa unavyomwita, ataacha kuuliza? Naye akaamua kunisaidia. Akapiga picha kitambulisho changu, mbele na nyuma, akaitupa kwenye makundi yote ya simu aliyomo, la mtaa, la ukoo, la kununua na kuuza magari, na maneno haya: "Tahadhari! Kitambulisho hiki kimeibiwa, ukikiona toa taarifa."

Sina la kuongeza.

Ya ardhi nitakwenda nikimaliza sare za shule. Nimechoka, mwanangu.

Mama yako.

12 Machi

Mama,

Shikamoo tena, na pole. Pole sana. Natumaini barua hii inakukuta umekaa, umenyoosha miguu.

Barua yako niliisoma nikiwa juu ya kreni wakati wa mapumziko. Nilipofika kwa baba mdogo nilipiga kelele, na mwenzangu aliye chini akadhani kontena linaanguka. Makundi yote ya simu! Hata la magari! Mwambie aifute. Akikuambia ameshaifuta, mnyang'anye simu uangalie mwenyewe. Kisha mwambie nampenda, na nitaongea naye.

Sasa kuhusu yule bwana mpole. Mama, hao ni wezi wale wale wanaorudi kuokota walichoacha mara ya kwanza. Jina la Baba limo kwenye cheti changu. Tarehe zako zimo kwenye kitambulisho. Kila alichokuambia kimo kwenye zile karatasi, kwa hiyo mtu kukujua si ushahidi wa chochote tena. Wanaweza kukupigia hata wakisema ni mimi. Kuna mwenzetu huku, mama yake alipigiwa akaambiwa mwanawe yuko jela, akauza ng'ombe.

Basi tukubaliane. Mambo yetu yote kwa barua, kwa mkono. Mwandiko wangu unaujua, ulinichapa sana kwa ajili yake. Mtu yeyote akipiga simu akijiita mimi, hata akilia, kata. Usibishane naye, usimwulize hali. Kata.

Na ardhi, Mama! Sare za shule zinaweza kungoja. Watoto wavae za zamani. Unajua ni miaka mingapi Baba alibeba mawe ya ule msingi. Nenda kesho. Usipokwenda nitaacha kazi, nije nikubebe mgongoni mpaka ofisi ya ardhi, na unajua nina mikono ya kreni.

Mkataba wangu wa kazi unaisha karibuni, natakiwa kuufanya upya pamoja na kibali cha kukaa. Nikichelewa kuandika, ni hizo foleni tu.

Mwanao anayekuudhi kwa upendo.

2 Aprili

Mwanangu,

Marahaba, na nyamaza kwanza kabla hujaanza. Nilipata barua yako Ijumaa jioni, ofisi zimefungwa. Jumatatu nilikuwa navaa viatu niende ardhi. Nimeshafunga kamba ya kiatu kimoja, nikasikia gari nje.

Gari la mizigo. Juu yake godoro, kabati la vyombo, ndoo, na paka ndani ya kikapu. Akashuka kijana mmoja na mkewe, mke ana tumbo la kufika wakati. Wakaingia uani kwangu kama watu wanaorudi kwao. Kijana akanisalimia vizuri tu, akaniuliza, "Mama, wewe ndiye mpangaji uliyekuwa unamaliza kuhama?"

Nikamwuliza, kuhama kutoka wapi?

Akatoa bahasha. Mwanangu, humo mlikuwa na mkataba wa kuuza nyumba yangu. Jina langu. Namba yangu ya kitambulisho, hata sikuhitaji miwani kuitambua. Nakala ya hati ya nyumba. Na nakala ya kitambulisho ambayo kila kitu ni changu isipokuwa uso. Uso ni wa mwanamke mwingine, ana wanja, ana shingo fupi. Nilikasirika kwa hati, lakini kwa ile shingo nilikasirika zaidi. Wanaiba jina langu halafu wanalivisha shingo ile?

Nikamwambia kijana, mwenye nyumba ni mimi, na nyumba haijauzwa. Akacheka kidogo, akadhani ninatania. Kisha akaona vitambaa vyangu, cherehani, picha ya baba yako ukutani, akaacha kucheka. Mkewe akakaa chini pale pale kwenye ngazi. Kijana akaanza kusema, "Lakini tulikutana naye. Alitupokea ofisini kwa dalali. Alitupa maji ya kunywa." Analirudia hilo la maji kama ndilo lililomuuma zaidi. Ni dereva wa gari la kubebea wagonjwa, na mkewe anauza vitabu. Walichokuwa nacho chote kimekwenda kwa yule mwenye shingo.

Baba yako mdogo akatokea akiwa na fimbo, tayari kuwafukuza. Nikamwambia, Redio, weka fimbo chini, hawa wameibiwa na mtu yule yule aliyeniibia mimi. Wewe chukua kikapu cha paka.

Tukaenda polisi sote. Askari ni yule wa kuku. Safari hii nilifika na mtu aliyelipa, na mkataba, na uso wa mwizi kwenye karatasi. Unajua alichosema? "Mama, mbona hukusema ni jambo zito?" Nilihesabu matofali ya ukuta. Yule binti mwenye mimba ndiye aliyemjibu. Akamwambia, "Alikuja akasema. Nyinyi mlimwandikia amekuja kulalamika kwa jumla." Kwa sababu nilikuwa nimewaonyesha ile karatasi njiani. Askari akainama akaandika. Jalada limefunguliwa, na namba tumepewa.

Kutoka hapo moja kwa moja ardhi. Karani akafungua kitabu chake akaniambia maombi ya kuhamisha nyumba yameshaingia, yako mezani kwa bosi, yanasubiri saini tu. Saini! Kama bosi asingekuwa na harusi ya mwanawe wiki ile, leo ningekuwa nakuandikia nikiwa nimekaa barabarani na cherehani. Zuio limewekwa. Nimeliona kwa macho, muhuri mwekundu. Nikamwambia karani apige na wa pili, akakataa.

Wale vijana walikuwa wameshatoka kwenye chumba walichopanga, mtu mwingine ameingia. Wako kwenye chumba changu cha nyuma, nimehamisha majora ya vitambaa. Usiniulize mpaka lini. Ningewapeleka wapi, na tumbo lile?

Nimefanya kosa kuchelewa, najua. Usiniandikie kuhusu hilo.

Mama yako.

6 Mei

Mwanangu,

Hujambo? Mimi sijambo, ila macho yangu yako posta. Mwezi mzima hujajibu. Najua uliniambia foleni, lakini hiyo foleni gani isiyo na benchi la kuandikia? Umekasirika kwa ajili ya ile ya kuchelewa? Kasirika, lakini kasirika kwa barua.

Nyumbani kwema. Mtoto wa vijana wangu amezaliwa, wa kike, ana sauti kama king'ora cha gari la baba yake. Polisi wamemkamata dalali. Mwenye shingo bado.

Nimeandika haraka kukuambia jambo ambalo utanisifu. Leo asubuhi kanipigia mwanamke, namba ya nje, ndefu kama mkanda wa kupimia. Akasema, "Mama, ni mimi." Sauti yako kabisa! Siku hizi wanaiga mpaka sauti. Akaniambia amezuiwa na uhamiaji, anahitaji niende ofisi ya pasipoti haraka. Nikamwambia thibitisha. Akanitajia tarehe yako ya kuzaliwa, jina la baba yako, namba yangu ya kitambulisho yote bila kukosea. Nikamwambia, bibi wee, hayo yote ninyi mnayo kwenye kompyuta yenu, tafuta mjinga mwingine. Akaanza kulia. Wanajua kulia, mwanangu, mpaka unasikia kamasi. Nilitaka kumwuliza hali, lakini nikakumbuka maneno yako, hata akilia, kata. Nikakata.

Nilijisikia nimeshinda. Nikamsimulia baba yako mdogo, na yeye amewasimulia wote.

Niandikie.

Mama yako.

20 Mei

Mama,

Shikamoo. Natumaini u mzima, na katoto ka chumba cha nyuma kanawaacha mlale.

Leo nimerudi chumbani kwangu nikakuta barua zako mbili zimepita chini ya mlango. Nikaanza na ile ya gari la mizigo, nikacheka, nikalia, nikacheka. Halafu nikafungua ile ya pili. "Jambo ambalo utanisifu."

Nakusifu, Mama. Nakusifu huku nimeuma meno. Ulifanya hasa nilivyokuambia.

Kwenye simu hatukupata nafasi, dakika zilikuwa za kuazima, sasa nakueleza vizuri. Nilikwenda uhamiaji kufanya upya kibali. Nikaweka pasipoti kwenye mashine, mashine ikawaka nyekundu. Afisa akaniambia mwenye pasipoti hii ameshaingia nchi nyingine, kupitia mpaka wa mbali sana na hapa, mwezi uliopita. Nikamwambia mimi nilikuwa juu ya kreni, muulize yeyote bandarini. Akaniambia, "Basi mmoja wenu ni bandia." Na aliyekuwa mbele yake ni mimi.

Nikamwonyesha ile taarifa niliyotoa Februari, yenye muhuri. Ilikuwa ya ofisi nyingine, na ofisi hizo mbili haziongei, ziko ghorofa moja, Mama, zinatenganishwa na mashine ya kahawa. Wakanichukulia simu, wakanipeleka nyumba ya kungojea. Si jela, walisisitiza sana kwamba si jela. Mlango tu ndio unafungwa kwa nje. Wanawake wanne chumbani, kila mmoja ana hadithi yake ya karatasi. Wakasema wakipata uthibitisho kutoka ofisi ya pasipoti ya nyumbani, kwamba namba ni yangu na nakala iliibiwa, wataniachia. Wasipopata, wananirudisha kwa gharama yangu, na nafungiwa mlango wa nchi hii kwa miaka. Barua ingefika baada ya ndege. Nikaomba simu kwa mwanamke aliyekuwa akifua mashuka.

Mama, unajua ilivyokuwa kukusikia unasema "thibitisha"? Nikajitafuta. Kila nilichokuwa nacho cha kujieleza kilikuwa kwenye zile karatasi: jina, tarehe, Baba, wewe. Wezi wanavijua vyote hivyo, pengine kuliko mimi. Nikasema ninavyojua, ukakata. Nikabaki nimeshika simu ya mtu. Mwenye simu akaniuliza, "Umempata?" Nikasema ndiyo, nimempata sana.

Siku iliyofuata nikaomba tena ile simu. Yaliyofuata unayajua. Sitaki kuyarudia maneno niliyokuambia, sikuwahi kukusemesha vile na sitarudia. Nilikuwa nimechoka, nilikuwa na njaa, na wewe ulikuwa unaniita tapeli. Nisamehe.

Lakini mpaka leo sielewi. Mara ya kwanza nilikuwa na tarehe zote, ukakata. Mara ya pili sikuwa na chochote ila hasira, na wewe ukasema, "Unataka niende ofisi gani?" Ulinitambuaje?

Uthibitisho ulifika. Wameniachia leo asubuhi. Afisa alinirudishia simu na kunitakia siku njema. Kazi yangu ipo, bosi ameniwekea kreni. Ila pasipoti hii imekufa, kila mpaka itawaka nyekundu. Mpya haitolewi mpaka niweke vidole mwenyewe huko nyumbani. Wamenipa hati ya safari moja tu. Nitakuja mwezi ujao, nikishapewa ruhusa kazini.

Mwanao, wa kweli, bahati mbaya kwako.

15 Juni

Mwanangu,

Marahaba, marahaba, marahaba. Hizo mbili za ziada ni za zile siku ulizokosa.

Kwanza sikia nikwambie, kwa ile simu ya kwanza nimeshajihukumu vya kutosha. Nililala nikisikia ile kamasi. Usiku nikajiambia, hapana, ni wezi. Nikageuka upande wa pili, nikajiambia, na kama si wezi?

Unauliza nilikutambuaje. Hebu fikiria wote walionipigia. Yule bwana wa kuokoa taarifa, mpole. Wengine waliofuata, maana wamefuata wengi, wote wapole. Mama yangu, mzazi wangu, samahani kukusumbua, pole na majukumu. Mwizi hana haraka na mimi, ananibembeleza kama mchumba. Sasa wewe siku ya pili, simu hata sijaiweka sikioni vizuri, nikasikia: "Mama, acha ubishi wako huo! Kila siku wewe tu ndiye unayejua! Umekaa na hiyo cherehani mbovu mwaka mzima unamsubiri fundi mlevi, na mimi ukinisubirisha nitaozea humu! Vaa viatu utoke!"

Nikasema moyoni, huyu hataki kunipendeza hata kidogo. Huyu ni wangu.

Kwa hiyo usiniombe radhi kwa maneno hayo. Ungenisemesha kwa adabu, ningekata tena.

Pasipoti tulikwenda na baba yako mdogo. Walituambia tuache karatasi turudi wiki ijayo. Ndipo kwa mara ya kwanza tangu azaliwe nikamwambia Redio, ongea. Akaongea. Alisimama katikati ya ukumbi akawaeleza watu wote waliopanga foleni, tangu mawakala, tangu kuku, tangu mwenye shingo, mpaka mtoto wa ndugu yake aliyefungiwa na watu wasiojua tofauti ya mwizi na mwenye mali. Watu wakaanza kuguna. Mama mmoja akasema na yeye kuna laini za simu zimesajiliwa kwa jina lake. Mwingine akasema na yeye. Mkuu wa ofisi akatoka kuona kelele ni za nini, akatuingiza ndani. Nilimpa jalada la polisi na cheti chako halisi, akaandika barua ya uthibitisho saa ile ile. Akaomba na nakala ya kitambulisho changu. Nilikuwa nimeshaichorachora nyumbani, tayari.

Kesi ya dalali imeanza. Vijana wangu wa nyuma hawajapata chochote na huenda wasipate. Kijana anaendesha gari lake zamu mbili, mkewe ananisaidia vifungo na kuuza vitabu vyake dirishani kwangu. Mwenye shingo hajaonekana. Ofisi ya vitambulisho wameniambia kweli: ile nakala ya zamani haitarudi, ipo huko duniani na itabaki huko, kwa hiyo kila baada ya muda nipite kampuni ya simu, nipite benki, niulize kama kuna mtu anayeishi kwa jina langu. Nimekubali. Mtu anafagia uwanja kila siku, na hiyo nayo ni kufagia tu.

Kitambulisho kipya wamenipa jana. Walinipiga picha upya. Nimekaa kwenye kigoda, nimezungushwa ofisi hizi tangu Februari, mpiga picha ananiambia, "Mama, tafadhali usicheke." Nikamwuliza, nani kakwambia nilikuwa na mpango huo? Nimetoka nimekunja uso kama nadai kodi. Karani akasema turudie. Nikasema iache. Anayetaka kujifanya mimi, aanze na uso huo.

Barua hii najua haitakukuta. Ndege yako ni keshokutwa, na posta hawajawahi kushinda ndege. Baba yako mdogo ameniambia nisipoteze stempu. Lakini nimezoea kugombana na wewe kwa karatasi, na nyumba imekuwa kimya tangu asubuhi, katoto kamelala, kitanda chako nimeshakitandika mara mbili. Sasa nimekaa na kalamu na sina wa kumfokea.

Njoo basi.

Mama yako.